Nduru Katika Ghorofa ya Tatu

Osaka, Japani
Jumatatu, 17 Novemba

Kwako dada yangu Valary,

Pokea salamu zangu kwanza, halafu tafuta mahali ukae, mteja asubiri. Mgongo wako unaendeleaje? Najua siku nzima unasimama nyuma ya vichwa vya watu pale salooni, na ukirudi jioni bado ni wewe wa kuinama. Na Shivachi, yale meno ya mbele yameota au bado anacheka na pengo? Mimi ni mzima. Ninakula, ninafanya kazi, usingizi tu ndio unanipiga chenga. Baridi ya huku imeanza, na lile koti ulilonichagulia soko la Toi linanisaidia sana, ingawa siku ile nilikununia kwamba rangi yake ni ya wazee.

Usishangae kuletewa karatasi wakati simu iko mkononi mwako. Barua hii nimempa Kaveke, msichana wa Machakos niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja. Mkataba wake umeisha na kesho anapanda ndege kurudi nyumbani. Nimemwelekeza ashuke kwenye matatu stegi ya 56 hapo Kawangware, aulize salooni ya Mama Shivachi, akupe wewe mkononi, asimwachie mtu yeyote. Nikikupigia utanikata kabla sijafika katikati, nakujua. Nilijaribu kukurekodia sauti nikaifuta, nikarekodi tena nikaifuta, mara tano. Kwa kalamu angalau siwezi kujifanya sikusema.

Nina ombi moja. Uliniambia kwamba wazee wanakaa Jumamosi kusikiliza mambo ya ndoa yako na Wanzala, na kwamba wewe umeshaamua, wanakuja tu kupoteza muda. Kesi yako naijua kwa kichwa. Siku niliyosafiri wewe ulibaki wodini na mama, Wanzala akanisindikiza uwanja wa ndege. Mama akakata roho. Ukampigia Wanzala anirudishe, naye baadaye akakwambia kwamba nimeshaingia ndani na askari wa mlangoni wamekataa kuniita. Ndege yangu iliruka karibu masaa matatu baadaye. Unasema hakujisumbua kwa sababu aliyekufa hakuwa wake. Unasema angekuwa mama yake mzazi angepasua ule mlango. Matanga yalipoisha ukamchukua Shivachi mkahamia vyumba vya mama kule stegi ya 46, na tangu hapo Wanzala anapika chai yake mwenyewe. Nakuomba usiende kwenye hicho kikao kabla hujaimaliza barua hii. Wewe husoma mwanzo na mwisho ukaruka katikati, ndivyo ulivyoanguka historia. Hii isome yote.

Uliniuliza pia mji ukoje, na mimi nikakujibu ni poa tu. Si poa tu. Tulifika jioni. Uwanja wenyewe wa ndege wameujenga baharini, na treni inakutoa pale juu ya daraja refu, maji kulia na kushoto, halafu mbele unaona taa. Nilidhani tunakaribia kufika mjini. Tulikwenda nusu saa nzima, taa bado zinaendelea, na kila nikidhani ndizo hizi za katikati zinakuja nyingine ndefu zaidi. Kuna barabara moja kando ya mfereji, wanaiita Dotonbori, ambako ukuta mzima wa jengo ni picha inayotembea, na wa jirani vivyo hivyo, na juu ya mkahawa mmoja kuna kaa mkubwa kuliko kibanda chetu cha mtumba pale Toi anayechezesha miguu polepole kutwa nzima. Rangi zote hizo zinaangukia majini. Kaveke alinipeleka siku yangu ya nne nikasimama mdomo wazi, mpaka akanivuta mkono akaniambia, "Mideva, songa bana, unazibia watu njia."

Nilifurahi, sitakudanganya. Nilifurahi kama dakika kumi hivi. Halafu nikakumbuka kwamba mama bado yuko mochari, ninyi mnahangaika na gari la kumpeleka Vihiga, na mimi niko hapa ninatazama kaa. Nilimwambia Kaveke ninaumwa na tumbo, tukarudi.

Ndivyo nilivyouona mji huu, Valary. Kila kizuri nakiona nusu, nusu nyingine naangalia nyuma. Treni zao zinafika kwa dakika iliyoandikwa, si kabla si baada, na ndani watu mia mbili wamekaa na hakuna anayesema neno. Siku ya kwanza nilihisi kuna mtu amepatikana na kosa na sote tunangoja kuambiwa ni nani. Barabarani hakuna pipa la taka na hakuna taka. Nilitembea na ganda la ndizi kwenye mfuko wa koti tangu asubuhi mpaka jioni nikiogopa kulitupa, maana nilihisi kila mtu ananitazama. Kaveke ananiambia hawanitazami, wako na mambo yao. Labda ni kweli.

Mara moja niliona glavu ya mtoto, moja tu, imevalishwa juu ya chuma cha uzio ili mwenyewe akirudi aione. Nikapita hapo siku tatu mfululizo, bado ipo. Pale Toi kufikia saa nne ingekuwa imeshapata mwenzake na bei.

Halafu kuna mtaa wa vijana wanakouza mtumba. Ndiyo, hata huku kuna mtumba, lakini dada, umepigwa pasi! Kila nguo kwenye hanga yake, duka linanukia marashi, muziki wa chini chini. Nikaingia kwa kiburi cha mtu wa kazi. Nikageuza mishono, nikakagua kwapa na kola jinsi mama alivyotufundisha, zote ni kamera, zile za kwanza kabisa unazoziona bale likifunguliwa. Nikacheka peke yangu, nikatoa simu nimpigie mama nimwambie atupe marobota yake aje huku. Nilikuwa nimeshafika kwenye jina lake. Nikairudisha simu mfukoni, nikaenda kukaa kwenye ngazi za stesheni.

Siku mliyomzika, Morris wa shangazi alinionyesha kwa simu. Nilikuwa kazini, nimejifungia chooni. Picha ikaganda mlipoanza kurusha mchanga. Nilikuona wewe umeinama, mkono umeunyoosha, na mkono huo haukufunguka. Nikautazama mpaka mtu akaja kubisha mlango. Sikulia. Kuta za huku ni nyembamba, na kila mahali ni kimya, na mimi sikuona ni wapi pa kulilia. Nikanawa mikono nikarudi kukunja taulo.

Sasa nikueleze ya kazini, kwa sababu huko ndiko mambo yalikoharibikia. Kituo chetu ni cha kutunza wazee, ghorofa nne, mimi niko ya tatu. Tunawaogesha, tunawalisha, tunawabadilisha, tunakaa nao. Kulikuwa na bibi mmoja, Bi Morikawa, wa miaka tisini na minne. Jina langu hakulishika hata siku moja. Aliniita kwa jina la mtu mwingine, nami nikawa ninaitika. Alipenda tukunje taulo pamoja, na nikikunja vibaya alinipiga kikofi kidogo mkononi na kuanza upya. Unajua mwenyewe ni nani alikuwa akitufanyia hivyo.

Jumatano iliyopita asubuhi nilimpelekea uji nikamkuta amekwisha. Nikaita wenzangu. Muuguzi akaja, akamgusa shingoni, akatazama saa, akainama kumpa heshima, na wengine wakainama. Wakamfunika vizuri sana. Halafu wakaanza kunong'ona na kutembea kwa vidole, na mmoja akaenda akifunga milango ya wazee wengine taratibu ili wasione. Mimi nikabaki nimesimama nikingoja aanze mtu. Nilitazama huku na huku nione ni nani atakayelia. Kwetu mtu akikata roho ploti nzima inajua kabla mwili haujapoa, na asiyetoa sauti ndiye anayeulizwa maswali. Hapa hakuna aliyeanza. Nikaona huyu bibi anaenda kimya kama hakuwahi kuwa na mtu. Basi nikaanza mimi.

Nilipiga nduru, Valary, si mchezo. Mikono kichwani, viatu nimevua, nikakimbia ukumbi ule kutoka mwisho hadi mwisho, nikarudi, nikaenda tena, nikiita mama, mama wee, mama umeniachia nani. Milango yote waliyoifunga ikafunguka. Wazee wakatoka na fremu zao za kutembelea, mmoja akaanza kulia na yeye, mwingine akapiga magoti akidhani ni tetemeko la ardhi. Mtu akabonyeza kengele ya hatari. Wakaja wazima moto, watu sita wamevaa helmeti, na walipofika juu walichokuta ni mimi nimekaa chini bila viatu, nimeishiwa sauti.

Nilijua kazi imekwisha. Mkuu wa kituo, Bwana Nishio, aliniita ofisini, akaweka simu yake mezani katikati yetu, ile ya kutafsiri. Yeye anaisemesha Kijapani, inaniambia mimi kwa Kiswahili fulani kigumu cha taarifa ya habari, na mimi nikisema inamwambia yeye. Sikuwa na nguvu za kubuni. Aliniuliza Bi Morikawa alikuwa nani kwangu. Nikasema si mtu wangu, ni kwamba mama yangu mzazi amefariki. Akauliza lini. Nikamtajia tarehe. Akafungua faili langu, akaitazama tarehe niliyosafiri, akanitazama mimi. Akasema pole, akainama kabisa mpaka nikaona utosi wake. Halafu akasema kwamba ningewaarifu wangesogeza safari yangu, mwezi hata miwili, wameshawafanyia wengine hivyo. Akaniuliza kama habari zilinifikia nikiwa tayari nimetua Japani.

Hapo ningeweza kusema ndiyo. Ndivyo nilivyowaambia ninyi wote, na Kaveke, na mchungaji aliponipigia kuniombea. Lakini mdomo ukasema, nilijua kabla sijapanda. Na ile simu, Valary, ikalirudia neno hilo kwa Kijapani, kwa sauti safi ya kike, mbele ya mtu nisiyemjua hata vizuri. Yeye ndiye mtu wa kwanza kulisikia, na linauma kwamba hukuwa wewe.

Kazi hawakuninyang'anya. Wamenipa siku chache nipumzike, na leo ndiyo ya mwisho. Kwa hiyo usidhani ninayoandika sasa ninayaandika kwa kuwa nimefukuzwa na sina la kupoteza. Ninalo.

Wanzala hakuchelewa. Sikuwa nimeingia ndani.

Tulikuwa bado nje, yeye ameshika sanduku, mimi ninatafuta pasipoti kwenye mkoba kwa mara ya tatu. Simu yake ikalia. Hakuiweka kwa spika, lakini nduru yako niliisikia kutoka pale niliposimama. Nimekua na sauti yako, sikuhitaji mtu wa kunifafanulia. Akakwambia atakupigia. Akanigeukia, macho yamejaa, akaniambia, "Mideva, mathe ametuacha. Twende home." Akaligeuza sanduku. Mimi nikalishika upande wa pili.

Nilimwomba akwambie amenikosa. Alikataa. Nikapiga magoti pale sakafuni, watu wanatuzunguka na mizigo yao, akaniinua na bado akakataa. Akasema mama hawezi kuzikwa mtoto wake yuko angani, na kwamba wewe hutamsamehe kamwe. Unaona, alikujua. Nikamwambia nafasi yangu atapewa mwingine, kwamba nikirudi Kawangware leo sitatoka tena, na kwamba nikiikosa ndege hii atakuwa ameniua na mimi. Maneno hayo nilimwambia mtu aliyebeba sanduku langu kutoka nyumbani mpaka pale. Akaachilia mkono wa sanduku. Na mimi bado sikutosheka. Nikamwapisha kwa jina la Shivachi. Nikamfanya aseme, mwanangu asione kesho yake nikifungua mdomo. Alisema akiwa anatazama chini. Halafu nikazima simu yangu, ile hadithi niliyowapa kwamba chaji iliniishia ni uongo, nikaingia ndani bila kugeuka.

Kwa hiyo sasa unajua kwa nini unamfokea na hajibu. Unajua kwa nini umeondoka na mtoto na yeye amebaki kutazama sakafu. Unafikiri hana la kujitetea. Analo, lakini kila akitaka kulisema anamwona Shivachi.

Ningependa kukwambia kwamba nilienda kwa sababu mama alitaka niende. Alitaka, wewe mwenyewe ulimsikia wodini akisema, "Hata nikizidiwa, mtoto apande ndege." Lakini sitajificha nyuma ya mama. Niliposikia ile nduru sikumfikiria mama hata kidogo. Nilifikiria miaka miwili ya darasa la Kijapani, na viza, na jinsi watu wa 46 wangenicheka nikirudi na sanduku. Nilitaka kwenda. Huo ndio ukweli wake, na ndio unaonifanya nilale na taa imewashwa kama mtoto.

Naogopa, Valary. Tangu nimwambie Bwana Nishio naogopa kuliko mwanzo. Naogopa wazee watasema nisikanyage nyumbani, na sijui kama watakuwa wamekosea. Naogopa utaikunja karatasi hii na usinitaje tena. Ninaogopa zaidi kwamba Kaveke atachelewa, au utakuwa umefunga salooni, na Jumamosi ipite.

Ukiipata, fanya hivi. Peleka barua kwenye kikao, uisome kwa sauti, Wanzala akiwa amekaa hapo. Kile kiapo nilikifunga mimi, hakuna mwingine wa kukifungua, na ninakifungua hapa kwa mkono wangu: Wanzala, nimekuachilia, sema utakalo, Shivachi hana deni lolote na maneno yangu. Wazee wakitaka nitume nguo yangu isimame mahali pangu au nipige simu niliseme mwenyewe wasikie, nitafanya. Jumamosi mchana kwenu huku ni jioni, nitakuwa nimetoka kazini. Simu itakuwa wazi.

Sikuombi unisamehe leo, na sikulazimishi urudi kwa mume wako. Nyumba ni yako, unaijua wewe. Lakini mtu wa kugombana naye ni mimi. Gombana na mimi. Nipigie, hata usiponisalimu.

Msalimie Shivachi, mwambie treni za huku nitampigia picha zote. Wasalimie wateja wako, na mama mwenye ploti, na Morris wa shangazi aliyeshika simu siku ya mazishi mpaka mkono ukamchoka. Mchanga wangu kwa mama mrushie wewe ukienda Vihiga, kama utakubali kunirushia.

Wanzala simtumii salamu. Zake ni wewe wa kumpa.

Ni mimi, mdogo wako,
Mideva